Kujilinganisha na wengine jimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila swali lililopo hapa niliulizwa kwenye benchi la mbao lililo nje ya jimu yetu, hapa Sae, jijini Mbeya, pale watu wanapokaa kufunga kamba za viatu. Ndani hawaulizi. Ndani mtu anakaza uso na kuhesabu. Akishatoka, jasho likianza kupoa na baridi yetu ikimgusa mgongo, ndipo anasema kwa sauti ya chini: "Dada, hivi mimi mbona siendi kama wale?"

Ninamsaidia kocha hapa, na kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa waliokaa kwenye benchi hilo. Si lazima usome yote. Jibu likikupeleka kwenye swali jingine, lifuate.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini siwezi kuacha kujilinganisha, hata nikijua hakunisaidii?

Kwa sababu hukuokota tabia hiyo jimu, ulikuja nayo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba binadamu ana hamu ya kujua uwezo wake umefika wapi, na asipokuwa na kipimo cha kujipimia, hujipima kwa watu waliomzunguka, hasa wale anaowaona wanafanana naye. Ndiyo maana dada wa miaka 28 haumii akimwona baunsa anasukuma kilo mia. Anaumia akimwona dada mwenzake wa umri uleule aliyejiunga mwezi uleule.

Shikilia maneno "asipokuwa na kipimo". Mtu akikwambia tu "acha kujilinganisha", ni kama amekwambia uvuke barabara ya Tunduma umefumba macho. Jicho litatazama. Linachohitaji ni kupewa kitu kingine cha kupima. Nimeona watu wengi wakitulia siku walipoanza kuandika kwenye daftari, na wachache sana wakitulia kwa kuambiwa watulie. Daftari limeelezwa kwenye swali la 5.

2. Nikiingia tu nahisi kila mtu ananitazama. Ni kweli?

Wachache wanatupa jicho mlangoni, kisha wanarudi kwenye mambo yao. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio ambalo hupenda kulisimulia pale benchini. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji ambaye kuonekana naye kifuani ni aibu, akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Waliovaa walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha ile. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo.

Jipime mwenyewe: jana, aliyekuwa kwenye mashine jirani na yako alivaa viatu vya rangi gani? Na yeye hakumbuki vyako. Kama kuna mtu anayekutazama kweli, kwa kucheka au kwa simu, nenda swali la 15.

3. Lakini kumwona aliyenizidi si kunanipa moyo?

Kunaweza. Tangu mwaka 1898 Norman Triplett aliandika kwamba waendesha baiskeli hukimbia zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao na saa. Hata hapa mchakamchaka wa watu kumi kupanda kuelekea Forest hauchoshi kama wa mtu mmoja.

Angalia unatoka na nini. Ukimtazama mwenzako ukaona anashusha goti taratibu, na wewe ukaanza kushusha taratibu, umejifunza. Ukimtazama ukatoka na neno "mimi si kitu", umejipanga foleni ambayo hakuna aliyekuita. Mara nyingi macho yaleyale hufanya kazi zote mbili ndani ya dakika moja, kwa hiyo usijilaumu likikutokea. Jiulize tu: nimeona *anavyofanya*, au nimeona *alivyo*?

4. Wenzangu wote wanaweka sahani za uzito pande zote za chuma. Nianze na kilo ngapi?

Anza na chuma kitupu, na kama nacho ni kizito, anza bila chuma. Chuma kirefu cha kiwandani cha wanaume kina kilo 20, cha wanawake kilo 15. Kwa hiyo hata kabla ya sahani ya kwanza hujabeba hewa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa jimu za mtaani hawalisemi vya kutosha. Vyuma vyetu vingi vimechomelewa gereji, na uzito mwingine ni saruji iliyomiminwa kwenye makopo ya rangi. Sisi siku moja tulibeba vyetu vyote tukavipeleka kwenye mzani wa magunia. Kopo lililoandikwa 10 lilisoma kilo 12 na nusu. Pacha wake, lililokaa upande wa pili wa chuma kilekile, lilisoma 9. Miaka yote watu walikuwa wanasema "mimi nasukuma kumi kumi" na kuoneana wivu kwa namba ambayo haikuwepo.

Chagua uzito ambao ukimaliza mara kumi unahisi ungeweza kuongeza mbili au tatu bila mwili kupinda. Hiyo ndiyo kilo yako ya leo, liwe limeandikwa lolote kwenye kopo.

## Daftari

5. Hilo daftari linaandikwaje?

Chukua daftari dogo la shule na kalamu. Simu inafaa pia, ila simu ina watu ndani yake (swali la 11), ndiyo maana mimi nachagua karatasi. La kwangu lina kalamu iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu, na jalada limevimba kwa jasho.

Andika tarehe, zoezi, uzito, mara ngapi, na jitihada kutoka 1 hadi 10. Namba hiyo ya jitihada ina mizizi kwa Gunnar Borg, mtaalamu wa Sweden aliyetengeneza vipimo vya kumuuliza mtu mwenyewe anajisikiaje akiwa kazini. Kumi maana yake huwezi kuongeza hata mara moja. Saba maana yake ungeweza kuongeza mara tatu. Mwisho wa mstari weka neno moja la siku hiyo: "nimelala vibaya", "hedhi", "palizi", "msiba", "nimekula vizuri".

Ukurasa wangu wa kwanza una mistari mitatu. *Skwati (kuchuchumaa na kusimama) bila chuma, mara 8, seti 3, jitihada 9. Pushapu za ukutani, mara 6, seti 2, jitihada 8. Mashine ya kukimbilia, kutembea dakika 12, nimesimama mara mbili.* Pembeni, kwenye nafasi ya neno la siku, nimeandika "aibu". Siku hiyo kulikuwa na wasichana watatu wa chuo waliokuwa wanaruka juu ya boksi kama mbuzi. Miezi minne baadaye mstari wa skwati ulikuwa na kilo 25 na jitihada 7. Wale wasichana sikumbuki hata sura zao, ila kurasa zile mbili ninazo.

Ukihisi shingo inageuka kwenda kwa jirani katikati ya mazoezi, fungua daftari usome mstari wa wiki iliyopita. Nenda nalo mkononi hadi kwenye mashine, usiliache kwenye begi. Likiwa kwenye begi jirani ndiye atakuwa karibu zaidi.

6. Nimeandika mwezi mzima na namba hazipandi. Si ushahidi kwamba sifai?

Kwanza soma safu ya neno la siku. Mama mmoja alinijia na kurasa zake akilia kwamba amekwama tangu Januari. Tukasoma: palizi, palizi, palizi, mtoto anaumwa, palizi. Alikuwa analima Uswaya asubuhi na kubeba chuma jioni. Kutoshuka kwake katika mwezi ule kulikuwa kazi kubwa kuliko alivyojihesabia.

Pili, wiki za mwanzo namba hupanda haraka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli uliyonayo tayari. Msuli wenyewe huongezeka polepole, na kuuona kwa macho mara nyingi huchukua miezi miwili hadi mitatu. Baada ya msisimko wa mwanzo lazima ngazi ziwe fupi. Kuongeza kilo moja na nusu ni kupanda. Kufanya uzito uleule kwa jitihada 7 badala ya 8 nako ni kupanda.

Tatu, kuna mambo ambayo hayapo jimu: mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani, idadi ya vituo unavyopumzika ukibeba ndoo, kulala bila kushtuka. Yaandike nyuma ya daftari.

7. Nilikuwa nakimbia vizuri Dar es Salaam. Nimehamia Mbeya, pumzi inakata, wenyeji wananipita. Nimezeeka ghafla?

Umepanda juu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na kila pumzi inakuletea oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Moyo unalazimika kupiga zaidi kwa kazi ileile. Hata kijana wa Kyela anayepanda kuja mjini anashangaa, maana kwao, kando ya Ziwa Nyasa, ni zaidi ya kilomita moja chini yetu.

Uzito unaoweza kuunyanyua mara chache haubadiliki sana; kinachoumia ni mbio na mazoezi ya pumzi ndefu. Jipe wiki mbili hadi tatu, punguza mwendo mpaka uweze kuongea sentensi nzima ukikimbia, na fungua ukurasa mpya ulioandikwa "Mbeya". Usiubandike karibu na ule wa Dar. Mwezi wa sita na wa saba ongeza muda wa kupasha mwili, kwa sababu alfajiri zetu za miezi hiyo ni kali kwa viungo.

## Miili

8. Tulianza siku moja, tunafanya mazoezi yaleyale. Mwenzangu amejaa, mimi nipo vilevile. Kwa nini?

Hapa kwetu kila mtu anaijua lumbesa: gunia la viazi lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezwa kilemba juu na kushonewa kamba. Liweke kando ya gunia la kawaida, yote mawili yanaitwa "gunia moja". Ndivyo ilivyo "miezi mitatu" yenu. Jina ni moja, kilichomo ndani hakilingani.

Mwenzako huenda ana miaka mitano ya kupakia magunia Mwanjelwa tangu alfajiri, na msuli uliowahi kujengwa hurudi haraka kuliko unaojengwa mara ya kwanza. Huenda anakula mayai na maharage asubuhi na kulala kwa muda wa saa nane, wakati wewe unakunywa chai ya rangi na kuamka saa tisa usiku kuwahi basi. Huenda mapaja yake ni mafupi: mwenye mapaja marefu huinama mbele zaidi kwenye skwati na mgongo wake hufanya kazi kubwa kwa uzito uleule. Na ipo sehemu ambayo ni kuzaliwa tu. Watafiti wakiwapa watu wengi programu moja ya kunyanyua vyuma, misuli ya baadhi yao hukua sana na ya wengine karibu haikui, ingawa hata hao wa mwisho kwa kawaida huongezeka nguvu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Muulize ameundaje. Wengi hufurahi kuulizwa, na mara nyingi utagundua kwamba yeye naye anamtazama mwingine.

9. Nina miaka 56, jimu yote ni vijana. Nina nafasi kweli?

Unayo. Msuli huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya thelathini kwa mtu asiyeutumia, lakini uwezo wa kujibu mazoezi haufi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wastani wa umri wao miaka 90, waliofanya mazoezi ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa zaidi ya maradufu kwa wastani.

Pima shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza. Na vijana wakikupa shikamoo ukiwa umelala kwenye benchi na chuma mkononi, usiitikie hadi umerudisha chuma mahali pake. Watakuelewa.

10. Nimejifungua miezi mitano iliyopita. Kuna dada alijifungua wiki ileile na tumbo lake limerudi. Nifanye nini?

Yeye ni yeye. Kuna anayejifungua kwa njia ya kawaida na anayefanyiwa upasuaji, kuna ambaye misuli ya katikati ya tumbo imeachana vidole viwili na mwingine vinne, kuna mwenye mama mkwe anayebeba mtoto usiku na asiye naye. Nenda kliniki wakuangalie kwanza. Mkojo ukikuponyoka unaporuka au kunyanyua, rudi hatua moja nyuma na umwambie mkunga au daktari, maana hilo lina mazoezi yake na linatibika. Wanawake wengi wamelinyamazia kwa miaka wakidhani ni la kwao peke yao.

11. Nikipungua ndugu wanasema naumwa. Nisipopungua wanasema tizi halinisaidii. Nimsikilize nani?

Swali hili huulizwa zaidi na wanawake, na huwa linaniuma. Nyanda za Juu Kusini tulizika watu wengi kwa UKIMWI, kuanzia Mbeya hadi Njombe na Iringa, na macho ya wazee wetu yalijifunza kumwogopa mtu anayekonda. Shangazi akikushika mkono na kusema "mwanangu umekwisha", mara nyingi anakuogopea. Hajakudharau. Mwambie: "Shangazi, shikamoo, nipo kwenye mazoezi na nakula vizuri," na ukipenda mwonyeshe daftari. Mmoja alifanya hivyo, na shangazi yake sasa anakuja Jumamosi.

Ila kama unapungua bila kukusudia, nenda ukapime, kila kitu, bila woga. Na simu iko kundi hilohilo la ndugu wenye maoni. Picha unayoiona Instagram au TikTok ilipigwa mara arobaini, baada ya mazoezi misuli ikiwa imejaa damu, taa ikitoka juu. Ondoa kurasa zinazokuacha mnyonge, hata kama mwenye ukurasa ni mtu mwema.

12. Kuna mtu anauza vidonge na sindano za kujaza mwili haraka. Wenzangu wanatumia. Nibaki nyuma?

Baki. Sindano za homoni za kiume zinajaza misuli kweli, na kwa gharama hii: korodani kusinyaa na mbegu kupungua, chunusi, mafuta mabaya kupanda kwenye damu, moyo na ini kuumia. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwenye mifuko isiyo na jina mara nyingine huwa ni deksamethasoni, dawa ya hospitali yenye kazi zake. Ikitumiwa ovyo inavimbisha uso, inapandisha sukari na shinikizo, na mwili unasahau kutengeneza homoni yake wenyewe, hivyo hata kuiacha ghafla ni hatari. Kama tayari unaitumia, mwone daktari akusaidie kuiacha kwa utaratibu. Dawa isiyo na jina wala maelezo inaweza kuripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Na ukae ukijua: mwili uliokuwa unakutia unyonge kwenye kioo cha jimu huenda ulitoka kwenye mfuko huo.

## Ndani ya jimu

13. Vioo vinanimaliza. Nifanyeje?

Vigeuzie mgongo. Mwaka 2003 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba wanawake wasio na mazoea ya mazoezi walioendesha baiskeli ya ndani mbele ya kioo walimaliza wakijisikia vibaya kuliko walioendesha bila kioo. Kioo ni kifaa cha kuangalia goti na mgongo. Kitumie kwa skwati, kisha ondoka mbele yake.

14. Mume wangu ananizidi kwa kila kitu, na tunakuja pamoja.

Njooni pamoja, pasheni mwili pamoja, kisha kila mtu ashike daftari lake. Mkitaka kitu cha kushindana, shindaneni kwa mahudhurio: nani amekosa siku chache mwezi huu. Hapo kifua chake hakimsaidii. Ushauri huu unafaa pia kwa marafiki na ndugu.

15. Wamenicheka. Na mwingine alinirekodi.

Hili ni tofauti na hisia za swali la 2, na lisifunikwe kwa ushauri wa kujiamini. Mwambie kocha au mwenye jimu siku hiyohiyo, taja saa na mtu, omba video ifutwe mbele yako. Jimu inayomlinda mchekaji haistahili ada yako. Mbeya ina jimu nyingine, na ina mlima wa Loleza ambao haumcheki mtu.

16. Kocha mwenyewe ndiye anayenilinganisha. "Mwone mwenzako!"

Makocha wengi tulifundishwa shuleni kwa njia hiyo, mtoto wa kwanza darasani akasimamishwa mbele ya wa mwisho. Wengi hawana nia mbaya. Mwendee baada ya mazoezi, si katikati ya kundi, umwambie: "Mwalimu, nielekeze kwa mwili wangu. Nikilinganishwa napoteza hesabu." Mpelekee daftari alione. Kocha anayejua kazi yake akishaona namba, ataanza kuzungumzia namba.

17. Ofisini tumeanzisha shindano la kupunguza kilo, matokeo yanawekwa kwenye kundi la WhatsApp. Niingie?

Mimi nisingeingia. Uzito wa mtu mmoja hupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa maji, chumvi na choo, na kwa wanawake kwa hedhi pia. Wiki ya mwisho ya mashindano haya watu huacha kunywa maji. Pendekezeni kuhesabu dakika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Kila atakayefikisha 150 ameshinda, hata wakiwa ofisi nzima.

## Mambo mazito

18. Nilinyanyua kwa kushindana na mwili unauma vibaya. Nitajuaje kama ni kawaida?

Maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida: maumivu ya ghafla yanayochoma kwenye kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, uvimbe mkubwa, kifua kubana. Na hili lishike sana: mkojo ukibadilika ukawa na rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ni dalili kwamba misuli imevunjika na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Huwapata hasa wageni waliojilazimisha kufuata kasi ya wazoefu.

Mimi mwenyewe niliumia mgongo kwa njia hii. Dada mmoja mgeni aliweka uzito kunizidi, nami nikaongeza kilo 15 kwa mkupuo. Nilisikia kiuno kikiachia kama kamba ya chandarua. Wiki tatu sikuweza kuinama kuosha vyombo, mwanangu ndiye alikuwa ananifunga viatu. Nilipomsimulia yule dada baadaye alishangaa. Hakujua kama siku ile nilikuwepo.

19. Ni lini kujilinganisha kunakuwa tatizo la kupelekwa hospitali?

Pale unapokosa kazi, msiba au ibada kwa ajili ya jimu. Unapojiona mdogo wakati kila mtu anakuona mkubwa, au mnene ukiwa umekonda. Unapotapika chakula kwa makusudi. Unapofanya mazoezi ukiwa umeumia kwa kuogopa "kupitwa". Unapofikiria kwamba afadhali usingekuwepo. Haya yanatibika, na hospitali za rufaa zina huduma ya afya ya akili. Kama umefikia hilo la mwisho, usisubiri zamu yako ya kliniki. Mwambie mtu leo, na aende nawe.

20. Mimi ndiye ninayetazamwa. Najua nawatia wengine unyonge. Ni kosa langu?

Hapana, na usijifiche. Lakini unaweza kusaidia kuliko hata kocha. Ukimaliza, toa sahani zako kwenye chuma ili mgeni asianze kwa kuhangaika kuzitoa mbele za watu. Mwambie ulianza na nini. Kijana mwenye nguvu kuliko wote hapa kwetu amebandika ukutani karatasi ya mwezi wake wa kwanza, na wageni huisoma wakisubiri benchi.

21. Sijilinganishi na mtu. Najilinganisha na mimi wa zamani, na ananishinda. Niliugua, nikakaa miezi saba.

Hapa daftari lenyewe linaweza kugeuka kuwa yule jirani anayekutesa. Usiendelee kwenye kurasa zile. Nunua jipya, la zamani liweke nyumbani. Anza na nusu ya uzito uliokuwa unabeba, au chini ya hapo kama daktari amesema, na kwa wiki sita usifungue la zamani kabisa. Kama nilivyosema kwenye swali la 8, msuli uliowahi kujengwa hurudi haraka, kwa hiyo kurasa za mwanzo zitajaa kwa kasi.

Aliyeniuliza swali hili ni baba wa Iyunga. Alikaa benchini na daftari jipya magotini, akaliangalia muda mrefu, kisha akaniomba kalamu. Aliandika tarehe, akaandika "kutembea, dakika 6", na kwenye nafasi ya neno la siku akaandika "nimerudi".